Odile Gauthey na Safu ya Kumi

Marehemu Odile Gauthey, wa ukoo wa Perreau, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 katika kijiji cha Champrenard, kusini mwa mji wa Beaune, Ufaransa, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Marcel na Jeanne Perreau. Kaka yake Anselme, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, yuko nasi hapa. Ninayesoma ni Clotilde, binti wa marehemu.

Alisoma kwa masista wa Beaune hadi mwaka 1956. Hesabu alizipenda, dini aliivumilia. Baba yake alipoumia mgongo aliitwa nyumbani, na tangu hapo kazi yake ikawa mizabibu. Waliovuna naye wanakumbuka alivyopita nyuma yao akitoa zabibu zilizooza vikapuni mwao.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Firmin Gauthey, fundi mapipa, mtu mpole aliyependa jibini na amani. Jibini hakuikosa.

Babu Marcel alifariki mwaka 1969. Aliacha shamba lenye ukuta uliojengwa na watawa, ambalo ukoo wetu ulilinunua Mapinduzi ya Ufaransa yalipowafukuza watawa wenyewe, na ambalo kila msiba umelipunguza, maana sheria inataka watoto wagawane sawa. Safari hii zilikuwa zimebaki safu kumi na tisa za mizabibu. Kila mmoja alipata tisa. Ile ya kumi, iliyo katikati, mwanasheria alishauri ikatwe nusu kwa nusu. Lakini safu inashuka mteremko: juu ni chokaa, na mvinyo wake hukaa miaka thelathini. Chini ni udongo mzito, na mvinyo wake ni wa kupikia nyama. Wote wawili walitaka nusu ya juu.

Majira ya baridi yaliyofuata marehemu aliipogoa safu hiyo yote, akaacha tawi la kuzaa kwenye kila mzabibu. Baada ya wiki Anselme akaja, akaona dada yake amekosea kama kawaida, akapogoa upya, na matawi yale ya kuzaa akayakata yote. Mwaka ule safu ya kumi haikutoa hata kishada. Kijiji kilicheka mpaka Pasaka.

Marehemu akapata mbinu. Tarehe 22 Januari ni sikukuu ya Mtakatifu Visenti, msimamizi wetu sisi wakulima wa mizabibu, na mjomba Anselme huisherehekea kuliko wote. Asubuhi ya tarehe 23, mjomba akiwa bado amelala, marehemu alikuwa ameshamaliza safu nzima. Ilikuwa hivyo kila mwaka, na mavuno ya safu hiyo yakawa yake. Mara moja tu, mwaka 1973, mjomba alimkuta njiani.

"Wewe Odile, huna haya?"

"Ninayo, kaka. Nimeiacha nyumbani. Nimekuja na mkasi tu."

Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena.

Septemba iliyopita, baada ya mavuno, madaktari waligundua kansa ya kongosho. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 19 Januari 2024, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla, alinishika mkono.

"Mwambie mjomba wako mwaka huu alale anavyotaka. Ile safu ni yake yote."

"Hata nusu ya juu?"

"Nimesema yote, Clotilde. Usinichoshe."

Niliumia kuliko siku ile madaktari waliposema, kwa sababu nilijua sasa anaaga.

Ujumbe niliufikisha Jumamosi. Mjomba alinisikiliza mlangoni, akafunga mlango. Jana, tarehe 23, niliamka nikaona moshi shambani, wa lile toroli la bati tunalochomea matawi. Mjomba alikuwa amesimama katikati ya safu ya kumi, mkasi umo mfukoni. Alikuwa ameanza kupogoa kutoka chini.

"Mjomba, mbona umeishia hapa?"

"Yangu imeisha."

"Lakini amekuachia yote."

"Nilikusikia. Huku juu ni kwa Odile."

Akasukuma toroli lake, akateremka.

Marehemu alitanguliwa na mumewe mwaka 2009. Ameacha watoto wawili, Clotilde na Rémi, wajukuu watatu, na kaka mmoja.

Lala salama, mama. Nusu ya juu ni yako.