Karatasi ya Mgeni wa Studio

Mheshimiwa Waziri, Bwana Mkurugenzi wa redio yetu, wafanyakazi wenzangu, ndugu na jamaa mlioacha shughuli zenu kuja kuniaga: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimemwagiwa sifa hapa mpaka nikaona aibu. Eti taarifa yangu ya saa saba mchana imelifumbua macho taifa. Jamani! Mimi nilisoma nilichowekewa mezani, na leo nataka niseme niliwekewa nini.

Wenzangu mnaujua utaratibu wetu. Mgeni akija studio, mhariri wa zamu humwandikia karatasi ndogo: jina lake, kazi yake, na faida anayoipata katika jambo linalozungumzwa. Msomaji huisoma yote kabla mgeni hajafungua mdomo. Vita vilipoanza kule mpakani, tukaletewa yule bwana wa suti ya kijivu. Miaka miwili nikawa namtambulisha, "mchambuzi wa masuala ya usalama," basi. Kumbe bwana huyo huyo ndiye anayeliuzia jeshi risasi, na tangu vita vianze amejenga ghala la tatu!

Hebu niambieni, mwenye ghala la risasi atawashauri nini kuhusu amani? Kila wajumbe walipokaa kuzungumza, yeye alikuja kwetu, akanywa maji yetu, akasema kwa upole, "Bado mapema, adui haaminiki." Magazeti yakanukuu redio, redio ikanukuu magazeti, na nchi nzima ikadhani imesikia watu kumi, kumbe ni mtu mmoja. Na sisi tunajiita waandishi wa habari! Habari gani hizo?

Mwezi uliopita mhariri wetu wa zamu, dada tunayemwita Kalamu Nyekundu kwa ukali wake, uvumilivu ukamwishia. Aliuandika upya mstari ambao ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa ikiufuta: "Mgeni wetu anauza risasi." Nikausoma hewani. Kabla sijamaliza taarifa, simu ya studio ilikuwa inalia. Dada huyu akasimamishwa kazi, na Jumatatu anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kumchomekea maneno msomaji asiyejua lolote.

Msomaji huyo asiyejua lolote ni mimi. Bwana Mkurugenzi, umenitafutia kinga nzuri, nikinyamaza naondoka na heshima zangu zote. Lakini nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mdogo wangu amekaa safu ya pili pale, pembeni ya mwanawe aliyerudi kutoka vitani bila miguu. Mazungumzo yalipovunjika mara ya pili, kijana akiwa bado mzima, mama yake alinipigia simu. "Kaka, huyo mtu wenu anasema tusubiri. Ni wa kuaminika kweli?" Nikamjibu, "Ni mtaalamu, mdogo wangu. Tulia."

Mdogo wangu, nilijua. Nilijua tangu wiki ya kwanza, maana mstari ule nilikuwa nauona kila siku umekatwa kwa wino, na chini ya wino unasomeka. Sikuombi unisamehe leo. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mbele ya kamati, nami nitawaambia kwamba hakuna aliyenichomekea kitu.

Wenzangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.