Historia ya Lusia Maige, Fundi wa Uzi Mmoja

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma, kila mmoja aniapie moyoni mwake kwamba haya nitakayoyasema hayatavuka uzio huu, kwa sababu marehemu mdogo wangu Lusia aliniapisha nisiyatoe, nami nimeyatunza miaka mingi hadi yakaniwasha ulimi, lakini kwa kuwa kipaza sauti cha kanisa kimefungwa juu ya paa na kinasikika hadi sokoni Nyasubi, naona hakuna tena cha kuficha, basi acha niseme, Lusia alikuwa fundi mwongo.

Msinong'one, sijafika.

Lusia binti Maige alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, karibu na Kolandoto, msimu wa kuvuna pamba, mama yetu akamlaza juu ya lundo jeupe, na labda ndiyo maana maisha yake yote alitembea kama anayekanyaga wingu. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1986, mimi niliishia la nne kwa sababu zangu, kisha akajifunza kushona kwa masista mjini Shinyanga, na mwaka 1996 akafungua kibanda chake hapa Nyasubi, na cherehani nyeusi ya miguu ambayo baba aliuza maksai wawili ili aipate.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na Benjamini, mchimbaji wa dhahabu kule Geita, mtu mwema ila mfuko wake ulikuwa na tundu, wakajaliwa Aneth, ambaye ni fundi kama mama yake, na Adam, aliye kidato cha tatu, na Benjamini alitangulia mwaka 2014.

Sasa ule uongo. Lusia alikuwa akikata sare ya shule, akija mwenye kanzu akipiga kelele anaiacha sare anashika kanzu, akija mwenye gauni anaiacha kanzu, kutwa anabadilisha uzi, jioni hakuna nguo iliyokwisha, na kila mtu anaambiwa njoo kesho. Mwaka 2003 alikuja bi harusi, Juliana, yule pale kwenye benchi anacheka, akauliza, "Fundi, mkono wa pili wa gauni uko wapi?" Lusia akajibu, "Kesho, mayu, mama yangu, njoo kesho." Juliana akasema, "Kesho nitakuwa nimeshaolewa na mkono mmoja!" Na ndivyo alivyoolewa, mkono wa pili umeshikizwa kwa pini.

Lusia aliona aibu hadi usingizi ukamchukua mchana, shavu juu ya cherehani, akaota lambo la baba, ng'ombe wote wameingia kwa pamoja, wakubwa wanakanyaga wadogo, maji yamekuwa tope na hakuna anayekunywa, ndipo baba akaja taratibu, akatenga ndama peke yao, mitamba peke yao, maksai peke yao, na maji yakatulia, yakawa meupe, mbingu ikaonekana ndani yake.

Alipoamka alipanga nguo zote upya, Jumatatu ya kukata tu, siku mbili za kushona, Alhamisi ya vifungo na pindo, Ijumaa ya kukabidhi, na siku ya uzi wa bluu hashiki uzi mwingine hata aje nani. Watu walimcheka, wakamwambia, "Fundi, umekuwa ofisi ya serikali?" Naye anakanyaga tu, mlio unateremka kama mvua juu ya bati, sare za bluu zimetundikwa kamba nzima zinapepea, mtaa unafanana na ziwa kule Chato, na Ijumaa kila mtu anaondoka na nguo yake, ina mikono yote miwili.

Machi 2025 miguu ilianza kuvimba, ikaonekana ni moyo, na alfajiri ya tarehe 9 Mei alituacha. Siku chache kabla, alinishika mkono mbele ya Aneth na jirani yake Mama Nelly, akasema, "Dada, cherehani ni ya Aneth, ndiyo ada ya Adam, na vilivyobaki msiviguse hadi siku ya kuanua matanga, kulia na kugawana msivichanganye."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Kolandoto, majirani kwa kuni na maji, mafundi wenzake waliofunga vibanda leo, na Mwita wa bodaboda, ambaye ameomba nisimtaje, aliyenieleza jana kwamba kuna ndugu amemkodi asubiri nyuma ya jiko wakati nasoma, eti, "Bibi yule akianza hamalizi, na watu watakuwa wameinamisha vichwa," apeleke mzigo Geita, ukabadilishwe kwa sehemu ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Ndiyo maana nimesoma polepole.

Lusia, mdogo wangu, kazi yako imekwisha, lala kwa amani.

Mama Nelly, inua turubai la nyuma, na ninyi wote geukeni, huyo hapo shemeji Eustace, mdogo wake Benjamini, kichwa cha cherehani begani, kimeviringishwa kitenge cha marehemu, mguu mmoja umeshapanda pikipiki. Kishushe taratibu, shemeji, huyo anayekuja kukupokea ni Aneth.