Siku Wazee wa Tenter Hill Walipokosa Pai

Risala ya Chama cha Chakula cha Alhamisi, kata ya Tenter Hill, jiji la Calderwick, Uingereza, kwa Diwani mpya. Msomaji: Shanice Birtwell, mgawa viazi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Leonard Entwistle. Mwenyekiti wetu, Bi. Mavis Hebblethwaite; diwani wetu wa zamani, Bwana Norman Garside, uliyekaa kule nyuma; wazee wetu, na ninyi mlioingia kwa kufuata harufu tu: tunawasalimu wote.

MAKARIBISHO

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji hali zetu ni mbaya, kwa hiyo umekuja wakati wake. Tunakushukuru pia kwa kuiona njia. Tumesikia kwamba asubuhi uliuliza dukani kwa Bwana Akhtar, naye akakujibu, "Tenter Hill ndiyo hii hii, kaka. Kwani wewe nani?" Ukamwambia, "Nadhani mimi ndiye diwani wenu."

Hiyo "nadhani" imetufurahisha sana. Diwani aliyekutangulia alikuwa na uhakika wa kila kitu.

HISTORIA YA UKUMBI

Ukumbi huu ulijengwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, mabibi na mababu wa hawa unaowaona. Kila Alhamisi mchana wazee hula hapa pai ya nyama, njegere za kupondwa na viazi. Kwa wengi wao ndiyo siku pekee katika wiki wanayoulizwa "U hali gani, mpenzi?" na mtu asiyekuwa ndani ya televisheni.

Paa linavuja. Bwana Garside alituahidi paa jipya katika kila uchaguzi, hata ahadi ile tukaijua kama wimbo wa kanisani: tulijua mahali anapovuta pumzi na mahali anapofuta miwani.

MATOKEO YA UCHAGUZI

Nchi hii hupiga kura siku ya Alhamisi, na kituo cha kura cha kata yetu ni humu humu. Miaka yote ya uchaguzi pai zililetwa Jumatano, kila mtu akaarifiwa, maisha yakaendelea. Mwaka huu kila aliyepaswa kukumbuka alidhani mwenzake amekumbuka.

Basi wazee wakaupanda mlima kwenye mvua, na fimbo zao na njaa zao. Mlangoni wakamkuta Bwana Garside, kifuani ua la utepe wa chama chake, kubwa kama sahani. Babu Wilf Sugden akamuuliza:

"Norman, pai ziko wapi?"

"Leo hakuna pai, mzee wangu. Leo ni demokrasia."

"Na hiyo demokrasia inakuja na mchuzi?"

"Pai wiki ijayo, babu. Kura yangu nipe leo."

Mheshimiwa, mwenye njaa hana miiko. Waliingia nyuma ya kile kibanda cha mbao, kila mtu na penseli yake na hasira yake. Lakini tuseme kweli: hakuna aliyetaka kumwangusha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sisi zimwi letu tulikuwa tumelizoea. Tulitaka lishtuke tu kidogo. Ndiyo maana siku ya pili, tuliposikia ameanguka, ilikuwa hivi:

"Mimi nilimfinya tu! Nilijua ninyi mtamrudisha."

"Sisi? Sisi tulikutegemea wewe, Wilf!"

Jina lako, Mheshimiwa, tulilichagua kwa sababu moja. Tulikuwa hatukujui, kwa hiyo hatukuwa na ugomvi na wewe.

Wakati wa kuhesabu, ninyi wawili mkawa sawasawa, ikabaki karatasi moja yenye utata. Haikuwa na alama ya mkasi, ile X ya kupigia kura. Ndani ya kisanduku cha jina lako kulikuwa na mchoro.

"Hii nini?" akauliza wakala wa Bwana Garside.

"Pai," akasema wakala wa chama chako.

"Mbona inafuka moshi?"

"Basi ni ya moto."

Msimamizi wa uchaguzi akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaamua kwamba mtu aliyechora kwa uangalifu namna ile ndani ya kisanduku kimoja bila shaka alijua anachokitaka. Ukashinda kwa pai moja. Kura ni siri, nasi hatumtaji mchoraji. Ila Bi. Mavis hajaacha kutazama dari tangu tuanze sehemu hii.

Wewe wakati huo ulikuwa umelala kwa dada yako. Inasemekana ulipopigiwa simu kwamba umeshinda, ulijibu, "Nimeshinda nini? Mimi sichezi bahati nasibu."

MAFANIKIO

Tangu uchaguzi tumepata mafanikio mawili. La kwanza, Bwana Garside sasa huja kula kama raia wengine. Alhamisi iliyopita alikaa chini ya tundu la paa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaruka na kupiga kelele, "Jamani, hapa panavuja!" Tukampa ndoo aishike.

La pili ni lako. Tunajua kazi yako ni kurekebisha sauti za piano. Ulipofika mapema leo ulidhani hakuna anayekuona. Tulikuona kupitia dirisha la jikoni, ukiifunua piano yetu na kuinamisha sikio. Ile sauti ya katikati, iliyokuwa ikilia kama mbuzi mwenye mafua, sasa inaimba. Hakuna aliyekutuma.

CHANGAMOTO

Jumanne ijayo baraza la jiji litapiga kura kuuza ukumbi huu ili zijengwe nyumba za ghorofa. Ofisa mmoja alikuja kutufariji kwamba wazee wataendelea kupata huduma kwa njia ya mtandao. Babu Wilf aliuliza njegere zitapita kwenye waya gani. Bado tunasubiri jibu.

Madiwani wamegawanyika nusu kwa nusu, na kura itakayoamua ni yako.

Nasi tumesikia kwamba unataka kujiuzulu kabla ya Jumanne. Chama chako kilikuambia, "Len, weka jina tu, hutashinda," na wewe si mtu wa kelele. Tunakuelewa. Hata sisi hatukukusudia.

MAOMBI

Tunaomba ubaki. Tunaomba Jumanne uinue mkono kuulinda ukumbi. Hotuba si lazima.

Ukiona huwezi, hatutakushika shati. Tunakukumbusha sheria tu: ukijiuzulu, utaitishwa uchaguzi mdogo. Utafanyika Alhamisi. Utafanyika humu. Pai hazitakuwepo. Tafadhali itazame meza ya mbele, Mheshimiwa, watazame nyuso zao, kisha umuulize Bwana Garside.

Chakula kiko tayari. Tumekuwekea kiti pakavu, karibu na piano. Penye ndoo pana mwenyewe tayari, Bwana Garside, ingawa Bi. Mavis anasema wakisogeleana wanaenea wawili.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako inayojua kusikiliza, na Jumanne aunyanyue mmoja wake juu, watu wote wauone.

Ni sisi wenye njaa na wenye kura,
Chama cha Chakula cha Alhamisi, Tenter Hill.