Mama Pulchérie wa Ubwari, Aliyekataa Kuupikia Mkutano

Wasikilizaji wapendwa wa Baraka, wa Fizi, wa Kazimia, na ninyi wa Ubwari mnaotupata kwa shida nyuma ya mlima, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Pulchérie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka Ubwari. Ametutoka wiki hii. Nitawasimulia habari zake nikiwa na hasira, mnivumilie. Hasira yenyewe ina sababu.

Polio ilimshika mguu angali mtoto. Alitembea kwa fimbo. Na ninyi mnazijua boti zetu za ziwani: hazifiki mchangani. Zinasimama majini, na abiria anashushwa kwa mgongo wa mbebaji. Mwenye miguu mizima ataruka, atalowa, atacheka. Mama Pulchérie hakuweza. Kila siku ya soko hapa Baraka alibebwa mbele za watu, kitenge kimepanda, fimbo inaning'inia. Siku moja pale ufukweni mwa Baraka, mbebaji mmoja aliuliza kwa sauti, "Inabakia muzigo gani mule ndani?" Mama Pulchérie akajibu mwenyewe kutoka kwenye boti: "Inabakia mi. Na mi si muzigo, mi iko muntu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu: gati. Gati la mbao, moja Baraka na moja kwao Ubwari, ashuke mwenyewe kwa fimbo yake.

Basi ukaja mradi. Wafadhili walitoa pesa, na pesa zile zilikuwa na kazi moja: wasioulizwa kamwe, waulizwe. Wanawake, walemavu, watu wa vijiji vya mbali, waseme wenyewe boti na pikipiki za abiria zipangwe vipi. Narudia, wasikilizaji: waseme wenyewe.

Wajumbe wa mradi wakavuka hadi Ubwari. Na sisi watu wa ziwa, mgeni akija, moto unawashwa kabla hajaketi. Wanawake wote wakakimbilia jikoni. Mama Pulchérie naye akakaa nyuma ya nyumba, anakaanga samaki, mikeke ya ziwani. Huku mbele wanaume wakazungumza peke yao, wakalalamikia bei ya mafuta ya injini. Wageni wakala, wakanawa, wakawahi boti kabla upepo haujaamka. Halafu hapa Baraka tukatangaziwa kwamba wanawake wa Ubwari wameshirikishwa. Wameshirikishwa! Walishirikishwa na sufuria.

Binti yake, Ketsia, anakumbuka habari ile ilivyofika nyumbani. "Mama alitupa mwiko chini," anasema. "Akauliza: 'Banatuuliza nini, chumvi?'"

Wajumbe waliporudi mara ya pili, Mama Pulchérie alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. "Bamama, leo hapana kuwasha moto. Tukipika, nani atasema?" Wageni wakafika, hakuna moshi. Wanawake wameketi mbele kabisa, mikono mapajani. Kwetu hilo ni jambo zito, msilichukulie kimchezo. Shemeji yake, mzee Anatole, ametuambia bila kuficha: "Nilimwambia, shemeji, unatupatisha haya. Mugeni arudi njaa, kwetu hapa? Akanijibu: 'Haya yako itapita kesho, shemeji. Yangu iko kila siku ya soko.'"

Kisha akasimama mbele ya wageni. Akasema juu ya gati. Akasema juu ya ile migongo ya wanaume, na kitenge, na kicheko cha watu. Wanawake wengine wakafuata, mmoja mwenye mimba kubwa, mmoja mzee asiyeona vizuri. Wageni waliondoka na njaa yao. Kijijini Mama Pulchérie alinuniwa muda mrefu, hata na waliosema baada yake.

Gati la Baraka likajengwa. Siku ya kwanza, anasema Ketsia, mama yake alishuka mwenyewe, akasimama katikati ya mbao na kugoma kusogea, huku nyuma abiria wanamfokea. "Mungoje," akawaambia, "mi bado ninashuka."

Na gati la Ubwari? Tukaambiwa lipo kwenye awamu ya pili. Awamu ya pili, wasikilizaji! Pesa za waliosahaulika zikaishia kwenye semina, hoteli na fulana zenye maandishi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kulala hoteli hajui kubebwa.

Mama Pulchérie aliugua homa, akavushwa hospitali, akafia Baraka. Jeneza lake lilirudishwa kwao Ijumaa. Boti ikasimama majini kama kawaida. Wanaume wakaingia hadi kifuani, wakampokea mabegani. Ketsia alikuwa mchangani. Alipiga kelele: "Mumushushe! Mama alisema habebwi tena! Mumushushe!" Mzee Anatole, naye akiwa ndani ya maji chini ya jeneza, alilia kama mtoto. Hapakuwa na mahali pa kumshusha.

Ketsia, mzee Anatole, na jamaa yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe utakayevuka kesho na mradi mwingine, fikiri kidogo kabla ya kunawa mikono uanze kula. Nenda nyuma ya nyumba, umuulize anayekaanga samaki yeye anataka nini. Halafu kijenge kitu hicho.

Mungu amlaze pema Mama Pulchérie. Ubwari, hadi saa hii ninapozungumza nanyi, hakuna gati.