Mlangoni pa Wodi ya Mwisho: Maisha ya Dada Yetu, Sista Taratibu

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wauguzi ambao baadhi yenu mmetoka zamu mkaja hapa moja kwa moja hata viatu hamjabadili, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba iko sehemu ambayo jana wengine wetu walitaka tuiruke, kwa kuwa yumo hapa mtu ambaye itamgusa, lakini marehemu mwenyewe aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba siku yake ikifika asipakwe asali, basi nitaisoma kama ilivyo.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa baba fundi viatu na mama aliyekuwa akifua mashuka ya bweni la shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako tulilelewa na ile harufu mpaka tukawa hatuisikii tena. Tangu utotoni hakuwa mtu wa haraka, ukimtuma chumvi dukani mboga huiva na kuliwa kabla hajarudi, na ndiyo maana baadaye wodini walipombandika jina la Sista Taratibu, sisi nyumbani tuliona wamechelewa. Wenzake walikuwa wakisema kwamba hata nyumba ikiwaka moto, Sista atakwenda na ndoo polepole asije akamwaga maji njiani.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1974, na Januari iliyofuata akaingia chuo cha uuguzi. Vijana mliowahi kukaa sebuleni kwake mnajua jinsi alivyoisimulia habari hii, maana hakutaka mtu amdhanie mtakatifu: hakuwa na wito wowote, alikwenda kwa sababu rafiki yake wa bweni, tuliyemwita Kicheko, aliomba nafasi huko naye hakutaka kubaki peke yake. Wiki ya kwanza alilia, ya pili akafunga sanduku aondoke, Kicheko akalikalia lile sanduku akakataa kunyanyuka. Dada alikuwa akiwaambia vijana kwamba wito mara nyingi huja umechelewa, tena hukukuta umepiga magoti unafuta matapishi ya mtu usiyemjua, kwa hiyo msiungoje nyumbani.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, mmoja wa kukimbia na mwingine wa kutembea, na wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mhasibu na kijana ambaye ni fundi majokofu. Shemeji alitutangulia mwaka 2009. Kufikia mwaka 1990 Dada alikuwa ndiye msimamizi wa wodi ya watu wazima, na Kicheko alikuwa msaidizi wake, na watu walisema ukiwakuta hao wawili kazini, hata mgonjwa aliyekata tamaa hufumbua jicho moja aone kinachochekwa.

Sasa ndiyo ile sehemu.

Mwezi Mei 1995 hospitali ilipokea wagonjwa wa homa ambayo hakuna aliyeijua vizuri, ila ilijulikana kwamba inaambukiza na inaua, wakawekwa katika wodi ya mwisho ya ukumbi mrefu, mlango ukafungwa. Baadhi ya wauguzi waliacha kuja kazini, glavu zikawa za kugombaniwa, aproni zikafuliwa na kuvaliwa hazijakauka, na wagonjwa wakazidi. Asubuhi moja mganga mkuu aliamuru wanafunzi wa mwaka wa pili waingie kusaidia. Walikuja wamejipanga ukumbini, wengine hawajafika miaka ishirini, wapo waliokuwa wakitetemeka na wapo waliokuwa na hamu ya kuingia, na Dada akasimama mbele ya mlango akausukumia mgongo. Alieleza kwamba vijana hao hawajafundishwa kuvua glavu bila kujigusa, na kwamba vifaa vilivyopo havitoshi hata waliofundishwa. Mganga mkuu alimjibu kwamba ndani kuna watu wanakufa kwa kukosa mtu wa kuwanywesha maji, nalo lilikuwa kweli, sote tuelewe kwamba lilikuwa kweli. Akamwambia achague kati ya mlango ule na kazi yake.

Dada akasema, "Mwanafunzi haingii. Nitaingia mimi."

Kicheko, aliyekuwa kando yake, alifunga aproni yake akamfuata.

Waliingia wao na wenzao wachache, wakafanya zamu juu ya zamu, wakilala kwenye benchi la stoo na kunawa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Hakuna mwanafunzi aliyeambukizwa. Kicheko aliambukizwa. Alianza kutetemeka akiwa anambadilishia mgonjwa shuka, akaomba radhi, akakaa, na tarehe 2 Juni akafa katika wodi ileile, mikononi mwa Dada, akiacha binti wa miaka minne.

Homa ilipoisha kukaundwa kamati. Wapo waliosema Dada aliokoa watoto wa watu, na wapo waliosema kwamba mikono ingekuwa mingi Kicheko asingechoka kiasi kile, na aliyechoka hukosea. Kamati haikusema amekosa wala hakukosa, ilimwondoa wodini tu, ikampeleka chuoni kufundisha, na ikaeleweka kwamba ni adhabu. Hivyo ndivyo alivyokuwa mkufunzi, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2017, na somo lake la kwanza kila mwaka lilikuwa jinsi ya kuvua glavu.

Jumamosi sebule yake ilijaa vijana waliotaka ushauri, wengine wakisukumwa na wazazi. Hakuwapambia maneno. Alimuuliza kila mmoja kama anataka kazi au anataka sare, akawaambia kwamba hospitali haina uuguzi na udaktari peke yake, kuna maabara, kuna famasia, kuna eksirei, kuna mafundi wa mashine ambao wakikosekana daktari hubaki kukuna kichwa, na anayezimia akiona damu bado ana mahali pake. Aliwafundisha kusema "sijui" mbele ya mkubwa, na akasema hilo ndilo neno gumu kuliko majina yote ya dawa.

Mwaka 2010, Jumamosi moja, mimi mwenyewe nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha swichi ya varanda yake, akaingia msichana ambaye hakuhitaji kujitambulisha, maana alikuwa na sura ya mama yake, isipokuwa hakucheka. Vijana wengine waliokuwa sebuleni walitoka mmoja mmoja. Binti alikataa kuketi. Akauliza, "Mama yangu alikufa kwa sababu ulizuia wanafunzi?"

Nilidhani Dada atamweleza habari za glavu. Alimtazama, akasema, "Huenda, mwanangu. Nimejiuliza kila siku na sijui. Uamuzi ulikuwa wangu, si wa mama yako."

Binti akamuuliza kama yale yangetokea tena leo angefanya nini. Dada akajibu kwamba angesimama palepale, na kwamba hilo halimpi usingizi. Kisha binti, kwa sauti iliyobadilika, akauliza kama aingie uuguzi. Dada akamwambia, "Kama ni kwa ajili ya kumlipia mama yako, usiingie, wagonjwa watakuchosha na deni halitaisha. Kama ni kazi unaitaka wewe, njoo Jumatatu." Binti aliondoka bila kuaga. Jumatatu hakuja. Alikuja mwaka uliofuata, akafundishwa na Dada miaka mitatu, akafaulu, na sikuwahi kusikia wawili hao wakilirudia suala lile.

Desemba mwaka 2023 Dada alianza kuumwa tumbo, Februari madaktari wakatuambia ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Alilazwa katika wodi ambayo msimamizi wake ni huyo huyo binti wa Kicheko. Familia tuliogopa, sitaficha, mpwa wangu mhasibu aliomba mama yake ahamishwe, na Dada akakataa.

Wiki ya mwisho mishipa yake ilikuwa imenywea, na aliyekuja kumwekea dripu alikuwa mwanafunzi. Alichoma, akakosa. Akachoma tena, akakosa, na mpwa wangu akasimama kutaka kumtoa. Msimamizi alikuwa miguuni pa kitanda, angeweza kumaliza kazi ile mara moja, naye alimtazama Dada akingoja neno lake. Dada akamwambia mwanafunzi, "Sema hujui, halafu mwombe akuoneshe." Mwanafunzi akasema. Msimamizi akaja, akaushika mkono wa yule kijana, si sindano, akauongoza taratibu mpaka damu ikaonekana kwenye mrija, na alipomaliza akabaki ameketi pale kitandani, kiganja chake juu ya mguu wa Dada, zamu yake ikaisha asinyanyuke. Kama alimsamehe, hakutuambia, nasi hatukumuuliza.

Dada alifariki tarehe 18 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti yake na kijana wake wakiwapo.

Familia inawashukuru madaktari waliotuambia ukweli mapema, wauguzi wa wodi ile na msimamizi wao, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja bila kuombwa, wakufunzi wenzake wa chuo, na yule mwanafunzi, ambaye kama yupo hapa aendelee na masomo yake.

Dada, uliingia mlango ule ukatoka, lakini moyo wako haukutoka wote. Pumzika sasa, na amani uliyoikosa tangu Juni ile, leo uipate.