Kiboksi Kitupu Penye Sura Zetu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani, lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Upande huo hukaa Kisigino, fundi viatu, kwa sababu yeye hacheki. Katikati ni Mzee Jalada, aliyestaafu masjala baada ya miaka thelathini na moja ya kutafuta majalada ya watu wengine. Pembeni ni Redio, fundi rangi za nyumba, akikosa kazi anaongea, akipata kazi anaongea akiwa juu ya ngazi. Kahawa ni ya Shangazi, birika moja kwa asubuhi, likiisha limeisha. Siku hiyo nilifika saa mbili na nusu, mwanangu wa miezi saba mgongoni, macho yananiwasha kwa kukosa usingizi, na saa nne kamili nilitakiwa chuoni kumwonyesha mwalimu tovuti yangu ya kwanza, na tovuti yenyewe ilikuwa ya hawa hawa, ya kijiwe, nikataka tu waione kabla yake wanipe moyo, basi, moyo tu, sikuja kutafuta kingine.

Nikawapa anwani, Redio akaifungua kwenye simu yake.

Redio: Mwanafunzi, nimeingia! Nimeona "Karibu Kijiweni." Nimeona "Viatu, kahawa na rangi za nyumba." Mimi umeniweka wa mwisho, hilo tutaliongea. Sasa sisi wenyewe tuko wapi?

Mimi: Hapo juu. Picha yenu nyote watatu, kubwa.

Redio: Hapa pana kiboksi.

Mimi: Kiboksi gani?

Redio: Kitupu. Kina kipicha kidogo kimepasuka kwenye kona, kama dirisha lililopigwa jiwe.

Nikamnyang'anya simu. Kweli. Nikafungua kwenye yangu, kweli. Na jana, kwenye kompyuta ya shemeji, niliiona kwa macho yangu haya, Mzee Jalada na kofia yake, Kisigino na nyundo, Redio mdomo wazi, nikamwonyesha hadi mama mkwe, akasema "haya", na mama mkwe akisema "haya" ujue amependa.

Nikakaa.

Shangazi: Wewe, umebadilika rangi. Kunywa hii.

Mimi: Shangazi, mwalimu hafungui kwenye simu ya mtu, anafungua kwenye yake, na kasema ukurasa ukifunguka wote unabaki darasani, usipofunguka nafasi yako anapewa mwingine, wapo kumi na wawili wanasubiri mlangoni. Na mama mkwe kanipa muhula mmoja. Mmoja. Kasema nikirudishwa nisimtajie tena habari ya shule, atakuwa ameshachoka kulea, na leo kaenda kliniki na mguu wake unaomsumbua, ndiyo maana nimembeba huyu, na sijui nimekosea wapi!

Kisigino: Lete mtoto.

Nikampa. Akampakata juu ya aproni, akampa kipande cha ngozi safi, ulimi wa kiatu kipya, mtoto akaanza kuutafuna.

Kisigino: Tatizo ni simu ya Redio. Kioo kina ufa.

Redio: Na ya kwake je? Na ya Shangazi? Mzee, toa yako.

Mzee Jalada akatoa simu kutoka mfuko wa ndani, akafungua leso aliyoifungia, akafungua na mpira wa kuibana, ndipo akaifungua yenyewe. Kiboksi kile kile.

Redio: Basi ni uzito. Picha ina uso wa Mzee Jalada, uso ule una miaka sabini. Mtandao umejaribu kuunyanyua, umeshindwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mzee Jalada: Methali hiyo haina uhusiano na jambo lililo mezani.

Redio: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mzee Jalada: Na hiyo pia.

Kisigino: Mimi nilifumba macho wakati wa kupigwa. Mtandao ukiona mtu amefumba macho unadhani marehemu, unazuia mpaka ndugu wathibitishe.

Redio: Na ndugu zako hawawezi kuthibitisha, wewe ukiwa macho pia unafanana hivyo hivyo.

Kisigino hakucheka. Benchi likabaki salama.

Mzee Jalada akasafisha koo, na Mzee Jalada akisafisha koo watu hushusha vikombe.

Mzee Jalada: Binti, sikiliza. Hakuna kitu kinachoingia sehemu kubwa namna ile bila kupokelewa. Huko kuna ofisi. Maandishi yanapitia dirisha moja, picha dirisha jingine, kwa sababu picha zina sura za watu na sura lazima zikaguliwe. Picha yako ipo. Iko kwenye trei, juu ya meza ya mtu, na mtu huyo yuko likizo.

Mimi: Anarudi lini?

Nikajisikia nauliza hivyo, na kidato cha nne nilimaliza. Uoga mbaya, unakufanya umuulize mtu likizo ya mtu asiyekuwepo.

Redio: Mzee, ofisi gani? Mtandao unapita chini ya bahari, kwenye waya. Mnajua bahari ina nini? Maji. Maandishi ni meusi tu, hayadhuriki. Picha ina rangi, na rangi mimi ndiyo kazi yangu: usipoipa muda ikauke, ikigusana na maji imekwisha. Mwanafunzi, uliiacha ikauke?

Kisigino: Halafu mimi sijui kuogelea.

Shangazi: Nyie ongeeni tu. Mimi najua. Kahawa yangu imeandikwa, benchi limeandikwa, kwenye picha mmekaa nyie watatu, mimi aliyewamiminia simo. Mnafikiri itafunguka kwa baraka za nani?

Hilo likatuingia wote. Nikamwomba radhi Shangazi, akasema hana neno, na alivyosema hana neno nikajua analo.

Nikachukua simu yangu nikaingia kule ndani kwenye maandishi, zile alama zenye pembe tulizofundishwa, mwalimu anasema kila alama ni mlango, ukiufungua uufunge. Nikahariri hapa, nikafuta pale, vidole vinateleza, nikarudi kutazama: neno KARIBU limejaa simu nzima, herufi moja moja kama milango ya gereji, na kila kilichofuata kimekuwa kikubwa vile vile.

Redio: Sasa inatufokea.

Nilikuwa nimefuta mlango wa kufungia kichwa cha habari. Nikautafuta, nikaurudisha, maandishi yakanywea. Na kiboksi kipo pale pale. Machozi yakanitoka, si ya kelele, yale yanayojishukia yenyewe mtu akichoka.

Redio: Usilie bwana. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, kwa hiyo picha itatoka.

Mzee Jalada: Redio.

Redio: Naam.

Mzee Jalada: Kunywa kahawa.

Wakati huo wote alikuwepo mama mmoja amesimama mbele ya Kisigino, mguu mmoja una kiatu, mwingine uko juu ya gazeti, na kiatu chake kingine amekishika mkononi, soli imeachia mbele kama mdomo. Hakuna aliyemwona alipofika. Kisigino alikuwa na mtoto, mtoto alikuwa na ulimi wa kiatu, na mimi ndiye niliyekuwa nimewashika wote. Mama wa watu alisubiri, akatusikiliza mpaka tukafika baharini tukarudi.

Mama: Samahani jamani. Mimi hayo mambo siyajui. Ila nauliza, hiyo picha umeiweka wapi?

Mimi: Kwenye tovuti, mama. Hapo juu.

Mama: Hapo ndipo inapotakiwa kuonekana. Nauliza yenyewe. Inakaa wapi?

Nikamtazama Mzee Jalada, Mzee akamtazama Kisigino, Kisigino akamtazama mtoto. Redio akafungua mdomo, akaufunga. Hilo sikuwahi kuliona tangu nilipoolewa mtaa huu.

Nikarudi kwenye ule mstari wa picha, safari hii nikausoma polepole kama barua niliyoandikiwa mimi. Unaanzia ndani ya kompyuta ya shemeji. Unapita kwenye jina la shemeji. Unaingia kwenye folda niliyoiita "shule". Huko mwisho ndipo ilipo picha. Yaani nilipandisha ukurasa, ukurasa peke yake, na picha nikaiacha kule kule, halafu nikauambia ukurasa ukaitafute chumbani kwa shemeji. Jana ilionekana kwa sababu nilikuwa chumbani humo humo, kwenye kompyuta hiyo hiyo. Sasa simu ya Redio itaingiaje chumbani kwa shemeji?

Nikawaeleza, mbio mbio, maneno yanapandana. Mzee Jalada akavua kofia.

Mzee Jalada: Binti. Umeandika barua ukasema "tazama kiambatisho", na kiambatisho umekiacha kwenye droo yako.

Mimi: Ndiyo.

Mzee Jalada: Miaka thelathini na moja nimepokea barua za namna hiyo. Kila siku ya kazi. Na bado nimekwambia mtu yuko likizo.

Redio: Mimi je? Nilisema marejeo ni ngamani! Nilisema irudi ilikotoka! Mzee ukasema haina uhusiano!

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano, chuo ni robo saa kwa miguu, na kompyuta ya shemeji ilikuwa imeondoka na shemeji, amekwenda nayo kazini. Droo imefungwa, mwenye ufunguo hayupo. Nikaona muhula wangu unaondoka, nikaona yule wa kwanza kati ya kumi na wawili anavuta kiti changu.

Mama: Si upige nyingine? Wenyewe si hawa hapa?

Nikawaza, picha ya kwanza walijiandaa, walinyoa, Mzee Jalada alipiga pasi hadi leso. Leo Redio ana rangi nyeupe kwenye nyusi, Kisigino ana mate ya mtoto begani. Nikasema kaeni hivyo hivyo.

Shangazi: Safari hii nimo.

Akakaa katikati yao na birika mapajani. Benchi likalalamika. Kisigino akasogea karibu naye ili picha iwatoshe, tofali likabaki bila uzito, upande ule ukaanza kuinuka.

Kisigino: Mama, njoo ukalie hapa, la sivyo tunaanguka.

Mama: Na kiatu kimoja?

Kisigino: Kingine si nakishona mimi? Kaa.

Akakaa. Nikapiga. Nikaipa jina fupi, kijiwe, basi. Nikaipandisha kwenye nafasi ile ile ulipo ukurasa wangu, asilimia kumi, asilimia kumi na mbili, bando langu linapumua kwa shida, Redio akaniwashia la kwake bila neno, na kwa Redio kutosema neno ni sadaka. Kisha nikaingia kwenye ule mstari, nikafuta kompyuta ya shemeji, nikafuta jina la shemeji, nikafuta folda ya shule, nikaacha jina la picha peke yake.

Mimi: Fungua.

Ikashuka polepole kutoka juu. Ukuta. Kofia ya Mzee Jalada. Nyusi za Redio. Birika. Halafu wote, mpaka kwenye tofali.

Kisigino: Mtoto ameutafuna ulimi wa mteja.

Ndilo neno pekee alilosema. Nikamfunga mwanangu mgongoni nikakimbia.

Mwalimu alikuwa ameshakagua watu kumi na tisa, amechoka kuliko mimi, shati limemshika mgongoni. Akafungua kwenye simu yake, akashuka chini, akapanda juu, akasimama kwenye picha.

"Hawa mbona hawakujiandaa?"

"Walikuwa wananisubiri mimi, mwalimu."

"Huyu mwenye kiatu kimoja ni nani?"

Hata jina lake silijui. Nikadhani nimekwisha. Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Imefunguka. Kaa."

Nikakaa. Sijui alifundisha nini baada ya hapo, nilikuwa nasikia tu lile neno, kaa, kaa, mtoto anakoroma mgongoni.

Saa saba nikapita kijiweni. Birika limeshapinduliwa linakauka. Mzee Jalada hakuuliza, aliinua nyusi tu.

Mimi: Nimebaki.

Shangazi akasema alhamdulillahi, akakaa chini, safari hii bila birika. Redio akaanza kueleza jinsi alivyotatua tatizo.

Mimi: Yule mama ni nani? Mwalimu kaniuliza. Nataka kuandika majina yenu chini ya picha.

Redio: Yule... si yule wa...

Akanyamaza, mara ya pili siku moja.

Shangazi: Amekunywa kikombe cha mwisho. Sikumuuliza.

Kisigino: Nimemshonea. Amevaa, ameshukuru, ameondoka. Mimi namjua kwa kiatu tu.

Nikaandika majina yao, Mzee Jalada, Redio, Shangazi, Kisigino, na la mtoto pia, maana naye yumo. Nikafika kwenye la mwisho, kidole kikasita.

Mimi: Hapa niandike nini?

Mzee Jalada akamtazama Kisigino, Kisigino akatazama barabara.

Kisigino: Pawe wazi tu. Atarudi. Kile kiatu kingine nacho soli inaachia.