Jandira na Wimbo Mmoja wa Kimya

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuimba katika ukumbi wetu wa harusi hapa Ilford, Bi. Jandira Peixoto anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Jamani, tutaishije?

Bi. Jandira ni mzaliwa wa Niterói, ng'ambo ya ghuba kutoka Rio, Brazil. Aliimba bossa nova kwenye vilabu vidogo na kurekodi santuri mbili kabla ya kuja London. Bossa nova huimbwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto, na msikilizaji hutakiwa kunyamaza. Sasa mwenye muziki huo ndiye kaja kuajiriwa kwenye harusi za Waswahili na Wahindi wa Nairobi! Tangu mwanzo alikuwa na ombi moja: wimbo mmoja tu usikilizwe kimya hadi mwisho.

Siku ya majaribio ilikuwa harusi ya Zein, binti wa Malindi. Hata ubeti haujaisha, kina mama wakapiga vigelegele. Maskini Bi. Jandira, hakuwahi kuvisikia. Alidhani ukumbi unaungua. Akavunja kioo cha king'ora cha moto, na wageni mia tatu pamoja na sisi wapishi tukajikuta barabarani, biriani inapoa. Zimamoto walikuja na magari mawili. Bwana Deepak, mwenye ukumbi, aliapa kumfukuza papo hapo, lakini bibi harusi, aliyecheka hadi wanja ukamtiririka, alimwombea abaki. Akabaki.

Ameimba kwenye harusi zaidi ya elfu mbili. Treni zikigoma, alitoka Tottenham kwa mabasi matatu, gitaa mgongoni. Mwaka mmoja mafua yalimkausha sauti, akapiga gitaa na kuchezesha midomo tu. Hakuna mgeni aliyegundua, na hilo lilimuuma kuliko mafua yenyewe.

Basi Jumamosi iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga, tukasema leo lazima apate kimya chake. Tulizima feni za jikoni. Amisha wa mapokezi alikusanya simu zote kwenye sufuria, na watoto wakatolewa nje kwa hongo ya peremende. Bi. Jandira akaanza. Hata kijiko hakikulia. Alipofika ubeti wa pili akaacha gitaa, akatukodolea macho, akasema kwa Kiswahili alichojifunzia jikoni kwetu:

"Jamani, semeni kitu. Siwezi kuimba hivi, naogopa."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Watoto wakarudi mbio, sahani zikagongana, Bwana Deepak akaanza kubishana kuhusu mpira, na dada yetu akaimba nyimbo tisa mfululizo, uso unang'aa.

Bi. Jandira, katikati ya makelele yale nilisikia kila neno. Nimekuwa nikikusikia kupitia dirisha la jikoni miaka yote hii, kila wimbo, hadi mwisho. Nilipaswa kukwambia zamani.

Asante, dada. Nenda kapumzike kwa raha na afya tele.

Teresia, jikoni